Acheni Kuwacheka Wanaochangia Mbwa

Kuna sentensi moja imenichosha. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kijiweni, nimeisikia hata kwenye msiba. "Watu wanakufa njaa, nyie mnachangia mbwa?" Anayeitamka huwa anacheka kidogo, kisha ananyamaza akisubiri kupigiwa makofi. Wiki iliyopita nilipeleka kwa mhariri wangu wazo la habari juu ya vijana wa mtaani kwetu wanaochangisha fedha za kutibia na kutafutia makazi mbwa waliotelekezwa. Mhariri akaniangalia juu ya miwani, akanipa sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno. Habari ikafia pale pale mezani. Basi naiandika hapa, ambapo hakuna wa kuifyeka.

Tuanze na hiyo njaa, maana ndiyo inayotumika kama fimbo. Ndugu msomaji, fungua droo yako uhesabu kadi za michango ya harusi ulizopokea tangu Januari. Single elfu hamsini, double laki moja, na mwenyekiti wa kamati anakupigia simu kila Jumapili kana kwamba unadaiwa na benki. Ukumbi, mapambo, keki ya ghorofa tano, mshereheshaji, gari la matarumbeta. Bado kitchen party, bado send-off. Umewahi kumsikia mtu akisimama kwenye kikao cha kamati na kusema jamani, kuna watoto wanakaa chini darasani, tupunguze keki? Mimi sijawahi. Mwenye njaa hukumbukwa pale tu mtu mwingine anapotoa elfu mbili yake kwa ajili ya kiumbe chenye mkia. Kesho yake husahaulika tena mpaka mbwa mwingine apate mchango.

Na msidhani dharau hii ni busara ya Kiafrika, eti wazungu ndio wanaopenda mbwa. Mary Tealby alipoanzisha nyumba ya mbwa waliopotea huko Holloway, London, mwaka 1860, gazeti la The Times lilimdhihaki. Walisema haya haya tunayoyasema sisi leo. Nyumba ile ilihamia Battersea mwaka 1871 na ipo hadi leo. Hapa jirani Nairobi kuna KSPCA, chama ambacho historia yake inarudi hadi mwaka 1910, na wakazi wa Nairobi huenda pale kuchukua mbwa na paka wa kufuga. Kule Lamu tangu 1987 punda wanatibiwa bure kwenye kituo chao, na sijasikia mtu akicheka. Kwa nini? Kwa sababu punda anabeba mizigo yetu. Kumbe tatizo letu siyo kwamba mnyama anahudumiwa. Tatizo letu ni kwamba huyu ni mbwa.

Sasa niwaeleze kinachofanyika mtaani kwetu, ili tujue tunabishania nini. Kuna pagale karibu na shule ya msingi, nyumba iliyoishia kwenye lenta miaka mingi. Mbwa jike alizalia mle watoto watano. Alikuwa na mwenyewe, familia iliyopanga nyumba ya pili kutoka pale. Walipohama walipakia makochi, friji, kuku na ndoo za maji, wakamwacha yeye getini. Mama mmoja anayekaanga maandazi alfajiri ndiye aliyeanza kumpelekea makombo. Halafu vijana wawili wa bodaboda wakaingia, halafu mwalimu mmoja, likaundwa kundi la WhatsApp. Watu wakaanza kutuma M-Pesa elfu moja, elfu mbili, aliyejitahidi sana elfu kumi. Fedha zilipotimia wakamleta daktari wa mifugo. Wote walichanjwa kichaa cha mbwa walipofikia umri, na yule mama yao akafungwa kizazi. Watoto watatu wameshapata makazi: mmoja analinda gereji, mmoja yuko Kibaha kwa mfugaji wa kuku, mmoja kachukuliwa na mzee mstaafu ambaye sasa anatembea naye jioni kama mjukuu.

Hakuna ofisi, hakuna mfadhili, hakuna bango. Kuna daftari la mistari ambalo mwalimu anaandika nani katoa nini na kimetumikaje, kisha analipiga picha na kulituma kwenye kundi kila mwisho wa mwezi. Laiti saccos zote zingekuwa na daftari la namna hiyo!

Wanaocheka wanasema hao ni mbwa koko, hawana wenyewe, dawa yao ni risasi. Hapo ndipo ninapogombana nao hasa. Neno "koko" linatudanganya. Watafiti waliofanya kazi miaka mingi hapa Tanzania na kwingineko Afrika wamekuta kwamba mbwa wengi sana wanaoonekana wakizurura wana wenyewe. Wanafunguliwa usiku walinde, asubuhi wanaachwa wajitafutie jalalani. Mbwa huyo huyo akimng'ata mtoto wa jirani, ghafla hana mwenyewe. Kila mtu anamshangaa kama vile ameanguka kutoka mbinguni. Mbwa koko tumemtengeneza sisi, kisha tunaiomba halmashauri ije itusaidie kumuua.

Na tusichezee jambo hili, maana kuna kifo ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Katika maambukizi kwa binadamu, hadi asilimia 99 hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, yaani mgonjwa anaogopa maji, anashtuka hata kwa upepo, hakuna daktari wa kumrudisha. Kabla ya dalili, anapona: unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, unakimbia hospitali siku hiyo hiyo, unaanza sindano na kuzimaliza. Chanjo yenyewe binadamu wa kwanza aliipata Julai 1885, mtoto wa miaka tisa aliyepelekwa kwa Louis Pasteur. Ni zaidi ya miaka 140! Na bado kuna mzazi wa Kitanzania anayezunguka na mtoto aliyeng'atwa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya akitafuta sindano, akiipata anaambiwa ailipie, na fedha ya kulipia hana. Anamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu kidonda kimeanza kukauka. Mnajua kinachofuata.

Kwa hiyo mtu anayenipigia kelele za "watu kwanza" namwambia sawa, tuanze na watu. Njia ya kumkinga huyo mtoto inapita kwa mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita na unakufa wenyewe. Siyo maneno ya wazungu wa Ulaya, yalijaribiwa hapa hapa. Wilayani Serengeti, mkoa wa Mara, mbwa walichanjwa kwa kampeni miaka ya 1990 mwishoni. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70, baada ya ya pili kikapungua kwa asilimia 97, na watu waliokuwa wakienda hospitali kwa kung'atwa wakapungua pia. Kisiwani Pemba ugonjwa ulirudi mwaka 2016 baada ya utulivu. Watafiti wakiwemo Watanzania wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wakafuata mlipuko ule mng'ato kwa mng'ato, na ukazimwa kwa kuchanja mbwa na kuwahi walioumwa. Pemba, mahali ambapo mbwa ni wachache na wanaowapenda ni wachache zaidi!

Na risasi je? Kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997 kwa mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Serikali ikaamua kuua mbwa, wakauawa kwa wingi wa kutisha. Ugonjwa ukabaki. Bali ulipoingia mwaka 2008 wakaanza na kuua vilevile, na vifo vya watu vikazidi kupanda mpaka mwaka 2010, walipogeukia chanjo kisiwa kizima. Hapo vifo vikashuka sana. Sababu yake hata mtoto wa darasa la tano anaielewa. Mbwa anayeonekana barabarani mchana ndiye anayepigwa, awe amechanjwa au hajachanjwa. Ukimuua aliyechanjwa umeua ngao yako. Anayempenda mbwa wake anamficha au anamhamishia kijiji kingine, na ugonjwa unapanda basi pamoja naye. Majalala yanabaki yamejaa, na jike mmoja aliyesalimika anabeba mimba siku 63 tu. Baada ya mwaka tuko pale pale, ila risasi zimeshalipiwa kwa kodi zetu. Eti wanaochangia ndio wanaopoteza fedha!

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ipo. Inakataza ukatili. Mbwa kupigwa risasi mbele ya watoto wa shule, au kutegewa nyama ya sumu ambayo paka na kunguru nao wanaila, ni jambo ambalo afisa aliyesoma sheria hiyo angepaswa kulionea haya.

Wengine watanijia na dini. Mate ya mbwa ni najisi, nakubali, na ndugu zangu Waislamu wana utaratibu wao wa kujitwaharisha. Lakini ni Waislamu hao hao waliotufundisha kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Najisi ni habari ya kunawa. Haijawahi kuwa ruhusa ya kupiga mawe.

Kama hata hayo hayakugusi, basi fikiria simba. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu simba elfu moja, na watafiti walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ambao hawakuwa wamechanjwa. Simba wale wanaotuletea dola, ambao tunawapigia picha za kalenda. Mbwa wa mama anayechunga mbuzi Bunda na simba wa mtalii wako kwenye mnyororo mmoja.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana hata wachangishaji wana madudu yao na sitawaficha. Wako wanaobandika picha za mbwa anayevuja damu, maneno ya Kiingereza ya kuliza mtu wa Stockholm, namba ya akaunti, basi. Umekusanya kiasi gani? Kimya. Mbwa yuko wapi? Kimya. Hao ndio wanaowapa wacheka-mbwa silaha. Wako pia wanaodhani kazi imekwisha mbwa akishapata geti la kuingia. Kumgawa mtoto wa mbwa jike bila mpango wa kumfunga kizazi ni kulihamisha tatizo kutoka pagale la kwetu kwenda uani kwa mwenzio, na baada ya mwaka mmoja litakurudia likiwa na miguu ishirini na minne. Na kumpa mbwa mtu atakayemfungia kwenye banda la bati kutwa nzima ili awe "mkali", hayo ni makazi gani? Heri pagale.

Shilingi mia ikipatikana, mimi ningesema sehemu kubwa iende kwenye chanjo na kufunga kizazi, zikiwemo mbwa wenye wenyewe wasiojiweza. Mama wa maandazi alisema hivyo kwenye kikao kabla sijafungua mdomo: tukichanja hawa sita tu na wale arobaini wa mtaa tukawaacha, tumefanya nini? Hajasoma zaidi ya darasa la saba, na hoja yake ina akili kuliko matangazo yote ya halmashauri niliyowahi kuyaandikia habari.

Wakaenda kwa mtendaji wa mtaa kuomba Jumamosi moja ya kuchanja mbwa wote, kila mwenye mbwa aje naye na kamba. Fedha za dozi wanachangishana wenyewe. Wanachoomba serikalini ni afisa mifugo, meza na kipaza sauti. Mtendaji amewaambia waandike barua. Wameandika. Amewaambia barua ikosewe muhuri wa balozi. Wamepata muhuri. Hadi leo naandika haya ni wiki ya tano, na nitakuwa naenda kuuliza kila Jumatatu kama mwandishi, kwa sababu hiyo ni habari hata kama mhariri hajui.

Wamebaki watoto wawili, dume na jike, wote wana alama nyeupe kifuani. Anayemtaka jike anaandikishana na mwalimu kwenye daftari kwamba atamrudisha kufungwa kizazi akifikisha miezi sita. Gharama ni ya kundi. Sharti la pili, kadi ya chanjo inaletwa kila mwaka. La tatu, ukihama nyumba unahama naye.