Kilalo cha Bustani si Anasa

Siku ya Jumapili, kisha misa na ibada, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Makomeno na mitaa ya jirani: watoto waende wapi? Mwenye gari anajibu haraka, anawapeleka nje ya mji. Mwenye franka kidogo anawalipia tikiti kwenye bustani ya wanyama. Lakini mama aliyekimbia vita Kivu, ao Mitwaba, ao Tanganyika, na ambaye sasa analala na watoto watano katika chumba kimoja kwa ndugu ya mume wake, hana jibu. Watoto wanabaki kwenye lupango la watu, wanaambiwa wasipige kelele, na jioni inafika.

Neno bustani likitajwa mbele ya viongozi, jibu linajulikana mapema: kwanza barabara, kwanza maji, kwanza umeme. Na mtu akiongeza kwamba bustani hiyo iwe na vilalo vya pambo, yaani madaraja madogo ya kupita kwa miguu, yaliyopindwa vizuri na kupakwa rangi, watu wanacheka. Wanaona ni mchezo wa walioshiba. Fikra hiyo inafaa kupimwa upya. Mji unaopokea watu waliopoteza nyumba ndio wenye haja kubwa ya mahali pa kukaa bure, na Lubumbashi ina mto wa kuutengenezea mahali hapo.

Mji huu ulianza mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Tangu mwaka wa 1966 unaitwa Lubumbashi, jina la mto wake. Ni mto huo huo uliozuiliwa ukafanya ziwa ambalo wakaaji wanaliita Lac Tshombe. Mji unabeba jina la mto wake, na bado mto wenyewe unapewa migongo. Chupa za plastiki na mifuko vinashuka na mvua, udongo unajaa, na kila kipande cha ukingo kinachokauka kinamtamanisha mtu mwenye mawe na saruji. Kwenye mitaa ya pembeni, huko vijito vinakoingia, kilalo ni mbao mbili na bati la zamani. Mvua ya Januari ikikibeba, mwanafunzi anazunguka mbali ao anabaki nyumbani.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama kilalo cha kawaida hakipo, kwa nini kuzungumza juu ya kilalo cha pambo? Kwa sababu vilalo hivi viwili vina kazi mbili tofauti, na mwanadamu anahitaji zote mbili. Kilalo cha barabarani kinamharakisha mtu. Cha bustani kinamchelewesha. Wajenzi wa bustani za China na Japani walilielewa jambo hilo tangu zamani, ndiyo maana baadhi ya vilalo vyao vinakwenda kwa kona, kushoto na kulia, ili anayepita apunguze mwendo na aone maji kutoka pande mbalimbali. Vingine vimepindwa kama upinde, na kivuli chake majini kinakamilisha duara.

Kule Giverny, Ufaransa, mchoraji Claude Monet alinunua kipande cha ardhi karibu na kijito mwaka wa 1893, akataka kuchimba bwawa la maua ya majini. Majirani wakulima waliogopa. Walisema mimea hiyo ya kigeni itaharibu maji ya ng'ombe wao, na ikambidi aombe ruhusa kwa wakubwa wa serikali. Miaka miwili baadaye juu ya bwawa kulikuwa na kilalo cha mbao cha mtindo wa Kijapani, kilichopakwa rangi ya kijani. Si kirefu, hakibebi gari, hakiunganishi soko na kituo cha treni. Hata hivyo watu wanatoka nchi za mbali kwenda kukitazama, na kijiji kinapata kazi kwa ajili yake. Kitu kidogo kilichotunzwa kinaweza kulisha watu wengi.

Lakini uzuri peke yake hautoshi. Swali la kwanza kwa bustani yoyote ni hili: ni ya nani? Lubumbashi inalijua swali hilo vizuri. Muda wa ukoloni, mji wa Wazungu na mtaa wa Weusi vilitenganishwa na eneo tupu la mamia ya mita, na usiku Mkongomani alihitaji ruhusa ili aonekane upande wa pili. Miti mizuri na majani yaliyokatwa vizuri vilikuwa huko, na waliovikata walirudi Kamalondo jioni. Mzee aliyekua wakati ule anajua kwamba bustani inaweza kuwa nzuri na bado iwe ukuta. Ndiyo maana bustani inayojengwa leo isiwe na mlinzi anayepima viatu vya watu mlangoni.

Nairobi ina mfano wa mlango uliofunguliwa tangu mwanzo. Mwaka wa 1906 mfanyabiashara Mhindi A. M. Jeevanjee aliwapa wakaaji wa mji ule bustani ya ekari tano, katikati kabisa ya mji, ikiwa pahali pa kupumzikia kwa wote. Ni ndogo. Lakini mpaka leo mchana unakuta humo makarani, wahubiri, watafuta kazi na waliochoka kutembea, wote kwenye nyasi moja. Mwaka wa 1991 baraza la mji lilitaka kuweka pale jengo la kuegesha magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama na wakaaji wengine wakapinga, na bustani ikabaki. Wenye Makomeno wakumbuke jambo moja katika habari hiyo: bustani ile iliokolewa kwa sababu kila mtu alikuwa anajua kwamba ni ya watu, na karatasi zilikuwepo za kuonyesha hivyo.

Mji ule ule una mfano wa pili, ulio karibu zaidi na mto Lubumbashi. Kandokando ya mto Nairobi, karibu na katikati ya mji, palikuwa na takataka na gereji za mafundi. Kuanzia mwaka wa 2008 waziri wa mazingira John Michuki alianza kupasafisha, miti ikapandwa. Alifariki mwaka wa 2012. Pahali pale pakalegea tena, kisha pakatengenezwa upya mwaka wa 2020, na leo panaitwa kwa jina lake, pakiwa na njia za kutembea na vilalo vya miguu juu ya mto. Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, mto mchafu wa mjini unaweza kurudishiwa heshima. La pili, kazi inayomtegemea mkubwa mmoja inalala siku mkubwa huyo anapoondoka.

Wachuuzi je? Zanzibar wamelijibu swali hilo. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa miaka ya 1930 mbele ya bahari, ilikuwa imechakaa sana. Ilikarabatiwa kwa msaada wa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena Julai 2009. Wauza mishikaki na maji ya miwa hawakufukuzwa kabisa. Walipangiwa mahali pao, na kila jioni moshi wa majiko yao ndio unaowaita watu. Mama anayeuza mikate ao karanga kandokando ya mto hapa Lubumbashi si adui wa bustani. Apewe meza, apewe pipa la takataka, aambiwe sheria, na yeye ndiye atakuwa mlinzi wa kwanza.

Makomeno basi ifanye nini? Hatua ya kwanza haihitaji franka hata moja: ukingo wa mto usigawanywe tena. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na sehemu zinazotumiwa na watu wote haziuzwi. Komine itoe ramani, iweke alama za mipaka, ibandike ramani hiyo mlangoni pa ofisi ambapo kila mkaaji ataisoma. Mtu akileta mchanga na matofali kwenye alama hizo, mtaa mzima utajua amekosea wapi.

Hatua ya pili ni mlango usio na tikiti. Bustani ya wanyama inaweza kulipisha, kwa maana simba anakula nyama kila siku. Nyasi na kilalo havili. Kama ni lazima kutafuta pesa, zitafutwe kwa wapiga picha wa harusi na kwa makampuni yanayotaka kuweka matangazo, si kwa mtoto wa mhami.

Hatua ya tatu ni matunzo, na hapa wahami wenyewe wana nafasi. Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi waliofika hapa ni wakulima. Wanajua udongo, wanajua miti, wanajua kuzuia maji ya mvua yasile ukingo. Kwao salongo ya siku moja yenye kamera haisaidii kitu. Wapewe kazi ya malipo: kufagia, kupanda, kupaka kilalo rangi kabla ya kutu kukila, kubadilisha ubao uliooza kabla haujamwangusha mtoto. Kilalo cha bustani kinakufa kwa kukosa bati la rangi na misumari, si kwa kukosa mkutano.

Na pesa? Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta ao chefferie ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katanga imetoa shaba kwa zaidi ya miaka mia moja. Mkaaji ana haki ya kumuuliza liwali, meya na bourgmestre sehemu hizo za jimbo na za mji zinafanya nini, na kama haziwezi kutoa mishahara ya watunza bustani kumi.

Wako wanaosema wahami watalala humo. Inawezekana, kama hawana mahali pengine pa kulala. Basi tatizo ni makao, na kufunga bustani hakumpi mtu paa. Wengine wanasema wezi watakuja jioni. Taa za jua tatu, wauzaji waliopangiwa meza, na watu wanaopita kila saa wanawafukuza wezi kuliko ukuta mrefu wenye chupa juu.

Familia iliyokimbia vita imezoea kuulizwa: umetoka wapi, una karatasi gani, utarudi lini. Juu ya kilalo chembamba hakuna anayeuliza. Watu wawili wakikutana katikati, mmoja anajibana pembeni, anasema: pita mama. Mwenye nyumba ya matofali Makomeno na mwenye hema wanapishana kwa heshima ile ile. Kazi hiyo haifanywi na barabara ya lami wala bomba la maji, ingawa vyote viwili vinahitajika. Msimu wa mvua ukiisha, udongo wa ukingo utakauka na wenye matofali watakuja kupima. Ramani ya komine iwe imebandikwa kabla ya siku hiyo.