Mwamuzi Alipwa na Nani?

Mama mmoja wa Mashamba alitujia baada ya Misa, ameshika karatasi iliyofungwa ndani ya kitambaa. Binti yake asoma universite. Katika mtihani mmoja amepewa pointi 4 juu ya 20. Binti asema alijibu vizuri. Asema tena kwamba kabla ya mtihani mwalimu alimwita ofisini peke yake, naye akakataa kwenda. Jina la universite hatulitaji. Mama auliza: tushitaki wapi? Tukamwambia neno ambalo kila mtu hulisema, aandike barua kwa juri. Akaandika. Na katika juri ile akaa mwalimu yule yule.

Basi twasikia watu wenye elimu wakisema dawa iko: ianzishwe ofisi ya pekee, isiyo ya rekta wala ya walimu, iwasikilize wanafunzi. Nasi twakubali. Lakini, ndugu wasomaji, tusishangilie jina. Ofisi yaweza kuitwa huru na mkono wake umefungwa kamba.

Tazameni Uingereza, ambako ofisi ya namna hiyo iko. Zamani, katika universite nyingi za kale za huko, malalamiko ya mwanafunzi yalipelekwa kwa mkaguzi wa heshima, pengine Mfalme mwenyewe, pengine askofu wa Kianglikana. Sheria ya 2004 ilimwondolea mkaguzi kazi hiyo, na tangu 2005 yuko Mwamuzi huru kwa Uingereza na Wales. Mwanafunzi halipi kitu, na hilo ni jema. Nani alipa basi? Universite zenyewe, zile zinazoshitakiwa. (Kweli, ile inayoshitakiwa sana hulipa zaidi, hilo twalisifu.) Halafu, kwa kawaida, mwanafunzi sharti apande kwanza ngazi zote za ndani, apewe barua kwamba zimekwisha, ndipo aende kwa Mwamuzi. Miezi yapita, wenzake wamekwisha pata diploma. Naye Mwamuzi haruhusiwi kupima akili ya walimu katika kutoa pointi. Aangalia kama kanuni zilifuatwa na kama mtu alitendewa haki. Akisha kuamua, neno lake ni shauri tu. Universite ikikaidi, yatangazwa mbele ya watu. Huko hutii, kwa sababu huona haya. Hapa kwetu ni nani amepata kuona haya kwa kutajwa gazetini?

Watetezi watatujibu: Mwamuzi si mwalimu wa kemia, atasahihishaje mtihani wa kemia? Neno la haki. Lakini binti wa Mashamba haombi asahihishiwe na Mwamuzi. Aomba mtu wa kumwuliza mwalimu kwa nini alimwita, tena karatasi yake isomwe na mwalimu mwingine asiyejua ni ya nani. Kwa kazi hiyo haitakiwi kemia.

Wengine wasema Kongo tunayo tayari Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyowekwa kwa sheria ya 2013. Naam, yaweza kupokea mashitaka na kuchunguza. Kuhukumu haiwezi. Na mama wa Mashamba, aliyeuza unga sokoni apate feza ya masomo, atajuaje mlango wake?

Katika Katanga tumekwisha kuona matunda ya mshitakiwa kujihukumu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao. Serikali ya Mobutu ilikubali kifo kimoja; wengine walihesabu makumi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa. Hata leo hesabu ya wafu haijapatana. Pointi nne si damu, twajua. Lakini mlango uliofungwa ni ule ule.

Mnamkumbuka yule mjane wa Injili ya Luka, aliyemsumbua kadhi asiyemcha Mungu. Kadhi yule alikuwa mtu mbaya, lakini mjane alipata haki yake, kwa kuwa kadhi alikuwa na nguvu ya kuamuru. Angalienda kwa mtu mwema mwenye shauri tu, angalirudi nyumbani na shauri.

Kwa hiyo wanaotaka kutuwekea ofisi mpya watujibu kwanza. Mshahara wake watoka mfuko gani? Yaweza kuamuru karatasi isomwe upya kabla ya mwaka kwisha? Itamlinda mwanafunzi na mwalimu aliyeshitakiwa, ambaye kesho atamfundisha tena? Twayauliza haya kwa universite za Kanisa pia, wala mapadri wasituone wakorofi. Kanzu haiwi ushahidi.

Mama amekwisha peleka barua ya tatu. Imepokewa na katibu yule yule, ikapigwa muhuri, ikawekwa juu ya zile mbili.