Santuri ya Wakongo, chapa ya Nairobi: kwa nini tuandike vizuri ilikotoka

KALEMIE – Mzee akifungua sanduku la diski zake za zamani, mara nyingi jibu lake ni fupi: "Hizi zote ni muziki wa kwetu." Ni kweli, waimbaji ni wa kwetu. Lakini ukigeuza diski moja moja na kusoma karatasi ya katikati, utakuta Kinshasa, Nairobi, Johannesburg, hata Brussels na Paris. Sasa, santuri hiyo ni ya wapi?

Swali hili si la wapenzi wa vitu vya kale peke yao. Desemba 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Kule Ulaya na Marekani nako wanunuzi wanatafuta sana santuri za Afrika. Orodha kubwa za kwenye intaneti, kama Discogs, zinajazwa na yeyote mwenye diski mkononi. Anayeandika kwanza ndiye wengine wanamnakili. Akikosea, basi kosa lake linasafiri.

Ziwa na reli

Kalemie ni bandari na ni mji wa reli. Treni inakwenda Kabalo, Kamina na kuendelea hadi Lubumbashi. Meli zinavuka ziwa hadi Kigoma, na pale reli nyingine inashuka Dar es Salaam. Wanamuziki wengi wa Kongo waliingia Afrika Mashariki, na santuri zao zikarudi huku zikiwa na chapa ya ugenini.

Mfano ni Orchestra Maquis. Ilianzia Kamina, ikahamia Dar es Salaam mwaka 1972. Tanzania wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri: bendi zilirekodi Radio Tanzania, kisha kanda zikapelekwa Nairobi kuchapwa. Kwa hiyo diski moja ina asili ya Kongo, sauti iliyonaswa Dar, na plastiki iliyochapwa Kenya. Anayeandika "Kenya" tu kwenye orodha hakudanganya, ila amefuta nusu ya safari.

Super Mazembe nao walifika Nairobi mwaka 1974, na huko ndiko walikotoa "Kasongo" mwaka 1977. Miaka michache baadaye, kampuni ya Virgin ya Uingereza ikatoa albamu yao Kaivaska. Bendi ni ile ile, lakini diski ni za nchi mbili.

Tena kuna Jean Bosco Mwenda. "Masanga" yake, kwa Kiswahili cha Katanga, ilirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Ikauzwa kwa jina la Gallotone, alama ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Kwa kuona alama hiyo, mtu asiyejua angemwita Bosco mwimbaji wa Afrika Kusini!

Kusoma diski

Ushahidi wa kwanza ni karatasi ya katikati. Maneno "Made in Kenya" yanasema mahali pa kiwanda. Anwani ya kampuni haisemi hivyo: kampuni iliweza kukaa Kinshasa na kuchapisha Ulaya. Herufi kama BIEM zinahusu haki za watunzi, si kiwanda.

Wa pili ni namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu, kati ya mstari wa mwisho wa muziki na karatasi. Namba hizo zinafuata muhuri wa chuma uliotumika kuchapa. Muhuri ukisafirishwa kiwanda kingine, namba zinakwenda nao. Ndiyo maana namba ya Ulaya haitoshi kusema diski ilichapwa Ulaya.

Wa tatu ni majina. Léopoldville iliitwa Kinshasa kuanzia 1966. Zaire ilianza Oktoba 1971 na kuisha Mei 1997. Diski yenye neno "Zaïre" kama jina la nchi haiwezi kuwa ya 1965. Kinshasa yenyewe ilikuwa na kiwanda cha MAZADIS, zamani mali ya Fonior ya Ubelgiji, ambacho kiliingia mikononi mwa Franco baada ya Mobutu, mwaka 1973, kuanza kuwagawia Wazaire mali za wageni.

Nani anapoteza?

Anayepoteza kwanza ni familia ya mwanamuziki. Ikitaka kudai haki ya wimbo, inahitaji kuonyesha ni kampuni gani iliutoa, nchi gani na mwaka gani. Diski ikiuzwa bei ya chini bila kuandikwa, ushahidi umevuka ziwa pamoja nayo.

Dawa haihitaji mashine. Kabla ya kuuza au kuazima, piga picha pande zote mbili, nakili namba zote zilizochongwa, kisha andika kwa safu tofauti: wanamuziki wanatoka wapi, walirekodi wapi, nani alitoa, wapi ilichapwa. Penye mashaka, acha wazi. Safu tupu mwingine ataijaza kesho. Lakini jina la nchi lililobahatishwa, nani atakumbuka kulifuta?