Kibati: Mkataba wa Shamba Utangulie Mche

Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja hapandi mti. Jambo hilo halihitaji mtaalamu, lakini husahaulika wakufunzi wa kilimo endelevu wanapopanda kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda Kibati, chini ya volkano ya Nyiragongo. Wanayofundisha ni mazuri: miti katikati ya mazao, mboji, kufunika udongo kwa majani. Ila mti hudai miaka, na mboji inayofukiwa leo italisha hata mazao ya misimu ijayo. Mkulima ambaye makubaliano yake ya mdomo yanakwisha akishavuna maharagi anajua kwamba ardhi ikishanona, mwenye shamba anaweza kupandisha kodi au kuichukua. Akiacha kupanda, anaambiwa hajaelimika. Kwa kweli amepiga hesabu vizuri kuliko anayemfundisha.

Na Kibati ardhi ni haba kwelikweli. Upande mmoja ni Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo kulima ni marufuku. Upande wa pili mji wa Goma unazidi kumeza mashamba. Volkano nayo ina mgawo wake: ililipuka 1977, 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na mahali lava mpya ilipopita jembe halizami kwa miaka mingi. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, huku utawala wa kimila wa Bukumu ukiendelea kugawa mashamba kwa mila. Aliyekodi hana pa kushika katika sheria wala katika mila. Kwa hiyo somo la kwanza lifanyike kwa mkuu wa kijiji, mwenye shamba na mkulima wakiwa wameketi pamoja, na litoe mkataba wa maandishi wa miaka mitano hivi, wenye mashahidi. Miche ije baada ya hapo. Historia inatuonya: watu wa Uluguru, katika Tanganyika ya kikoloni, walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi yaliyofukua udongo usio na rutuba, waliishia kufanya ghasia mwaka 1955. Mkulima hapingi elimu. Anapinga jasho lisilomrudia.

Wapo watakaouliza karatasi ina faida gani mahali ambapo vita vimepita mara kwa mara, na ambapo kambi za wakimbizi wa ndani zilijaa tangu 2008. Ni kweli, karatasi haizuii risasi. Lakini watu wanaporudi, ugomvi wa nani alikuwa akilima wapi huzuka mapema, na mkataba wenye mashahidi huwapa wazee pa kuanzia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wenye mashamba watakataa. Baadhi watakataa, naam, wasipoonyeshwa faida yao. Waonyeshwe: miti ya mpakani iwe yao, mavuno ya katikati yawe ya mkulima. Goma inapikia makala, na mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF, ulioanza 2007, ulihimiza upandaji wa miti ya makala nje ya mbuga. Mwenye ardhi aliweza kuitikia wito huo, asiye nayo angepanda wapi? Wafadhili nao, badala ya kuhesabu waliohudhuria semina, wahesabu mikataba iliyotiwa saini. Na yule ambaye bado hajapata mkataba afundishwe yanayolipa ndani ya msimu huohuo: kuchanganya maharagi na mahindi, kuvuna maji ya mvua, na kuhifadhi mbegu ambazo akihama ataondoka nazo.