Ndama wa Kipupwe

Masika yakiisha katika nchi ya juu ya Kericho na Bomet, jua halitoki upesi. Toka mwezi wa Juni hata Agosti, asubuhi za Merigi huwa na ukungu na umande mzito, rasharasha hurudi jioni, na pengine mvua ya mawe hupukutisha chai mashambani. Ndipo yasikikapo maneno haya katika boma moja baada ya jingine: "Ndama amekufa kwa baridi." Maneno hayo husemwa upesi mno. Akiisha kuzikwa ndama, hakuna aulizaye tena, na mwaka wa pili hufa mwingine kwa sababu ile ile.

Ng'ombe mzima aliyeshiba, mwenye ngozi kavu, haogopi baridi ya Merigi. Ng'ombe wa Ayrshire, ambao damu yao imeenea sana katika kaunti hizo, asili yao ni Uskoti, nchi ya theluji. Lakini ndama mchanga hana mafuta mwilini, na tumbo lake bado halijaanza kufanya joto kwa kusaga majani. Hewa ikishuka chini ya digrii 10 hivi, sehemu ya maziwa anywayo huteketea kwa kumpasha moto tu, wala haimkuzi. Akilazwa juu ya samadi iliyolowa, maziwa hayo yote hayatoshi.

Basi jambo la kwanza ni malalo makavu. Kipimo chake hakina gharama: mfugaji na apige goti mahali alalapo ndama, akae hivyo nusu dakika. Goti likilowa, ndama naye amelowa usiku kucha. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo, yenye nafasi za kupitisha mkojo, ikitandikwa majani makavu au maranda, yatosha kabisa. Wako wanaoziba banda pande zote kwa magunia na nailoni, wakidhani wanamhurumia mnyama. Harufu ya mkojo ikichoma macho ya mtu aingiapo, mapafu ya ndama yanachomwa vivyo hivyo, naye hupata kichomi ndani ya banda lenye joto. Na uzibwe upande wa upepo tu, na juu paachwe wazi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, maana lahusu fedha. Ndama huzaliwa bila kinga yo yote ya maradhi; kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Yampasa apate lita tatu au zaidi katika saa sita za kwanza, kwa kuwa baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea kinga hiyo. Baada ya hapo ndama wa kilo 30 hustahili lita tatu kila siku, na wakati wa baridi aongezwe. Lakini katika nyumba nyingi ndama hupewa yaliyobaki baada ya gari la maziwa kupita na kibuyu cha mursik kujaa. Ada za shule zinangoja, na hakuna awezaye kumlaumu mzazi kwa kuzifikiri. Hata hivyo mtamba aliyenyimwa utotoni huchelewa kuzaa, na mwenyewe humlisha miezi mingi asiyokamuliwa. Lita zile zilizouzwa Julai hulipwa hapo, tena kwa bei kubwa.

Sasa lije lile linaloua zaidi huku baridi ikilaumiwa. Ndama akohoa, machozi yanamtoka, apumua kwa shida, na mwisho povu latoka puani. Mwenyewe asema ni kifua cha kipupwe, amfunika gunia, angoja jua. Mara nyingi huo si ugonjwa wa baridi hata kidogo. Ni ndigana kali, iletwayo na kupe wa kahawia apendaye masikio. Kikohozi na povu ni dalili za mwisho, mapafu yanapojaa maji. Dalili za kwanza zilitangulia siku kadhaa: tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, na homa. Joto la ndama mzima halipiti sana digrii 39. Likivuka 40, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Dawa ya ugonjwa huu ipo, nayo huponya ikiwahi. Ikichelewa mpaka povu, mara nyingi fedha na ndama hupotea pamoja. Kipimajoto kimoja chaweza kutumiwa na majirani wengi kikisafishwa vizuri.

Kupe hawaishi kwa sababu ya ukungu. Wale wadogo, ambao jicho huwapita, huambukiza kama wakubwa, kwa hiyo masikio yapapaswe kwa vidole, kutazama hakutoshi. Majosho mengi ya pamoja yalianguka katika miaka ya 1990, wananchi walipoachiwa gharama zake, na sasa wengi hunyunyiza dawa nyumbani kwa bomba. Kosa la kipupwe ni kunyunyiza mnyama aliyelowa, au mvua ikiwa karibu: dawa huenda na maji. Ichaguliwe saa kavu, na dawa ichanganywe kwa kadiri iliyoandikwa, wala isipunguzwe ili ifike mwezi ujao.

Iko pia chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Hupigwa mara moja pamoja na dawa ya kuzuia ugonjwa usimzidi mnyama, na aliyechanjwa hutiwa alama sikioni. Aliye na alama hiyo asiachwe bila kunyunyizwa dawa, kwa kuwa chanjo haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, na hayo nayo huja na kupe.