Goti la Mzee na Safu ya Kwanza



Mmoja wa wazee wetu hapa Ujiji, ambaye kwa miaka mingi hakuikosa safu ya kwanza katika sala ya Alfajiri, alitoweka msikitini kwa majuma kadhaa. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta barazani, tasbihi mkononi. Tukamuuliza kulikoni. Akajibu: "Wanangu, kusujudu naweza. Kunyanyuka ndiko kunakonishinda. Nimechoka kuwayumbia walio kando yangu."

Tuliona haya. Sisi wa kamati tulikuwa tumeyaona maumivu yale siku nyingi, tukayaita uzee tu.

Mtu anaponyanyuka, hupeleka kiwiliwili mbele hadi uzito uwe juu ya nyayo, kisha misuli ya mbele ya paja hulinyoosha goti. Kadiri alivyoketi chini, ndivyo goti linavyokunjika zaidi na mzigo wake unavyozidi. Na mkeka uko chini kuliko kiti chochote. Gegedu likishalika, mifupa hukandamizana kwa maumivu, nayo misuli hudhoofu. Mgonjwa huinama mno na kuutupia uzito mguu wenye nafuu. Ndiko kuyumba kule. Tena akikaa muda mrefu, kama wakati wa khutba, goti hukakamaa.

Sharia haikumwacha mtu huyu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, ni sunna kuegemea ardhi kwa mikono miwili wakati wa kunyanyuka, na kuketi kidogo kabla ya kusimama kwa rakaa ya pili na ya nne, kama ilivyopokewa kutoka kwa Malik bin al-Huwayrith. Naye Imran bin Husayn, alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kuketi, asipoweza, kwa ubavu. Basi anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, na asimame kisimamo chake, kisha aketi kitini na kuashiria sujudu. Kiti kisiwe sababu ya kuacha kisimamo anachokiweza.

Nyumbani nako tuwaangalie wazee. Wapeni kiti cha juu chenye mikono. Kabla ya kunyanyuka, wasogeze nyayo nyuma, wainame mbele, wasukume kwa mikono. Mama anayechambua dagaa kutwa nzima juu ya kigoda kifupi, aongezewe kimo cha kikao. Kunyanyuka na kuketi taratibu kwenye kiti cha juu, mara chache kila siku, huimarisha mapaja. Na mwenye uzito uliozidi, kuupunguza ni nafuu kubwa kwa magoti. Goti likivimba ghafla, likawa la moto pamoja na homa, msikandekande, mwahini hospitali.

Tumeweka viti vitatu mwishoni mwa safu ya kwanza, na imamu wetu sasa hutulia kidogo kabla ya kuanza Fatiha. Mzee amerejea. Hunyanyuka kwa mikono yake miwili, taratibu, wala hamyumbii mtu.

Ndugu zetu, nani mwingine ametoweka katika safu zenu, nanyi hamjaenda kumuuliza?

Wallahu a'lam.