Kazi ikihamia kwenye simu, nani atabaki biro hapa Nyangwe?

Tangu miaka ya korona, redio zinaleta habari za nyumba ndefu zisizo na watu. Huko New York, San Francisco na London, wafanyakazi waliambiwa mwaka 2020 wabaki nyumbani na watumike kwa kompyuta. Ugonjwa ulipopungua, wengi hawakurudi, ao walirudi siku mbili tatu tu kwa juma. Gorofa nzima nzima zikabaki na viti vitupu. WeWork, kampuni kubwa ya kukodisha biro, ilitangaza kufilisika mwezi wa 11 mwaka 2023. Leo wenye nyumba hizo wanabishana: zivunjwe, zigeuzwe makao ya familia, ao wangoje watu warudi?

Mtu wa Nyangwe akisikia hayo anacheka. Hapa kirefu kuliko vyote ni mti wa mwembe. Lakini jambo lenyewe linawagusa wakaaji wa Kasongo na Kabambare kuliko wanavyofikiri, maana eneo hili limekwisha kuona kazi ikiondoka na nyumba ikibaki.

Nyangwe yenyewe ni shahidi. Livingstone alipofika mwaka 1871, alikuta soko kando ya Lualaba lenye maelfu ya watu, wengi wao wanawake waliovuka mto na mitumbwi wakileta samaki, unga, chumvi na mafuta ya ngazi. Tarehe 15 Julai mwaka huo, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walilifyatulia soko hilo risasi na mamia ya watu wakafa, wengi kwa kuzama majini. Mji uliendelea hata hivyo, mpaka vita ya 1893 kati ya jeshi la Leopold na Waarabu. Kisha mwaka 1911 reli ya Kindu na Kongolo ikafunguliwa ng'ambo ya pili ya mto, na biashara ikaifuata.

Watu wa Kabambare wana mfano wa karibu zaidi. Sominki iliundwa mwaka 1976. Ilikuwa na machimbo ya dhahabu Namoya na ya kasiteriti Kalima. Bei ya bati ikaanguka ulimwenguni mwaka 1985, na kampuni ikafa katika miaka ya 1990. Banro ikaja Namoya baadaye, nayo ikasimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Wazee wa kule wanajua nyumba za kampuni zinakuwa namna gani mshahara ukikoma: kwanza taa, kisha mabati, mwishoni milango.

Kuhamisha kazi haraka kuliko watu ni jambo ambalo sasa limefika hapa, ila hakuna aliyelipatia jina. Mtumishi ana biro kijijini, yeye mwenyewe yuko Kasongo ao Kindu, na ripoti inakwenda kwa WhatsApp siku ile rezo inapokubali. Mashirika mengi ya misaada kwa mashariki mwa Kongo yalikuwa na biro kubwa Goma na Bukavu. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wafanyakazi wengi walitawanyika, na kazi nyingi ikaendelea kwa simu kutoka mbali. Mtu hawezi kuwalaumu kwa kukimbia. Familia zilizokimbia vita zinajua hilo kuliko wengine.

Na si kila kinachohamia kwenye simu ni hasara. Mama anayepokea franka zake kwa simu hapotezi siku mbili njiani, wala hakutani na vizuizi vya watu wenye silaha. Mwalimu aliyezoea kusafiri kwenda kutafuta mshahara wake mbali, na kula nusu yake njiani, hatakubali kurudishwa zamani hizo. Kazi ya namna hiyo iende kwenye simu, na ibaki huko.

Lakini kuna kazi isiyoweza kufuata njia hiyo, na ndiyo inayowaumiza wakimbizi wa vita leo. Sheria ya familia ya Kongo inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Zikipita siku hizo, inatakiwa hukumu ya tribinali. Kuandikisha kunataka kitabu, mtumishi wa etasivili na sahihi yake. Picha ya WhatsApp haitoshi.

Sasa mama aliyetoka upande wa Salamabila akajifungua akiwa katika nyumba ya watu, anafika biro ya etasivili na kukuta kufuli. Anaambiwa arudi juma lijalo. Anarudi, kufuli bado lipo. Kati ya kutafuta kibarua cha shamba na kutunza watoto wengine, siku 90 ni chache sana. Baada ya hapo ni safari ya kwenda mjini, na gharama za tribinali, kwa mtu ambaye hana hata sufuria yake mwenyewe. Mtoto huyo akikua na kutaka diploma ao karta ya uchaguzi, ataulizwa alizaliwa wapi na nani aliandika.

Huko Kinshasa kulikuwa na mnara wa CCIZ, uliojengwa wakati wa Mobutu kwa ajili ya biashara ya kimataifa. Madirisha yake yalikuwa hayafunguki. Mashine za kupoza hewa zilipoharibika, hakuna aliyeweza kukaa ndani, na mnara ukakaa miaka mingi bila kazi mpaka ukatengenezwa kuwa hoteli ya Fleuve Congo. Ikiwa nyumba kubwa kama ile ilipata kazi nyingine, chumba kimoja chenye kufuli kijijini hakishindi watu. Shirika lililofunga biro yake na kuacha mlinzi tu linaweza kukiazima kwa etasivili siku moja kwa juma. Siku ya soko ingefaa, maana ndiyo siku watu wa mbali wanafika. Mtumishi akishindwa kukaa kijijini kwa sababu ya usalama ao mshahara mdogo, na sababu hizo ni za kweli, basi apangiwe siku za kuja na kitabu chake kwenye maternite na mahali walipo wakimbizi, na nauli yake ilipwe na anayemtuma.

Siku hizo zitangazwe redioni mapema, pamoja na matangazo ya misiba na mbuzi waliopotea, ili mama aliye ng'ambo ya mto ajue asubuhi gani avuke.